Mama Mkubwa na Kamera ya Bei ya Sufuria

"Mimi nikipiga picha ya ua, nyuki atajigonga kichwa ukutani akidhani amefika. Na nitaipiga kwa kamera ya bei ya sufuria, wala si kwa hilo bomba la maji taka unaloning'iniza shingoni. Nikishindwa, hii plaiwudi ing'oke, chumba chote kiwe chako, wewe na mke wako wa plastiki!"

Maneno hayo aliyatoa mama mkubwa wangu kwenye kikao cha wapangaji, katika korido ya chini, mbele ya mwenye nyumba, msusi, fundi simu, fundi cherehani, na bwana mmoja aliyekuja kuuliza bei ya kufupisha suruali akajikuta shahidi. Kikao chenyewe kiliitishwa kujadili choo. Choo hakikujadiliwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na anauza maua. Maua ya kweli, yanayokunywa maji na kufa. Aliyekuwa anatukanwa ni mpiga picha wa studio ya jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Flashi kwa sababu tabasamu lake huwaka ghafla na kuzima kabla hujajiandaa. Zamani alikuwa mume wa mama mkubwa, nami nilikuwa namwita baba mkubwa. Siku hizi namwita "habari yako" na kupita.

Walipoachana waligawana vyombo, viti, hata mapazia, pazia moja huku, jingine kule, kila dirisha likabaki uchi nusu. Kilichowashinda ni chumba cha biashara. Kila mmoja alitaka mwenzake ahame, hakuna aliyehama, mpaka wakaita seremala akakikata katikati kwa plaiwudi. Mama mkubwa akapata upande wenye dirisha. Flashi akapata upande wenye soketi. Kila mmoja alitoka pale akiamini amemwibia mwenziwe.

Plaiwudi ni ukuta kwa macho tu, masikio yanapita kama kawaida. Flashi akikohoa, maji ya kwenye ndoo za mama mkubwa yanatikisika. Mama mkubwa akiongea na mteja, Flashi anajibu.

"Mama, haya yatakaa mpaka Jumapili?" mteja anauliza.

"Yatakaa, mwanangu, ukibadilisha maji."

"Hayafiki Ijumaa!" inatoka sauti ng'ambo ya plaiwudi.

"Na ndoa yetu ilikuwa haifiki Ijumaa, mbona niliivumilia!" mama mkubwa anarudisha, huku anafunga utepe bila hata kugeuka.

Wateja wengine walikuwa wanapenda. Kuna mama mmoja alikuwa ananunua shada kila wiki na sijawahi kuamini kwamba alikuwa na pa kuliweka.

Lakini ugomvi wa siku ile ya kikao chanzo chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Huko kuna ukumbi wa sherehe, na meneja wake ni mama mmoja ambaye miwani yake hukaa juu ya nywele kama kitana. Tunamwita Madam. Nyuma ya meza yake ya mapokezi hutundikwa picha moja kubwa ya ua, na pembeni jina la aliyeipiga na namba ya simu. Wanaokuja kupanga harusi hukaa pale wakisubiri, wanaitazama, wanaipenda, wanapiga ile namba. Ua lilikuwa la mama mkubwa. Namba ilikuwa ya Flashi. Na Flashi, akiulizwa maua, alikuwa anajibu kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya: "Ya kweli yanakauka, dada yangu. Mke wangu anayo ya kudumu. Unaosha kwa sabuni."

Mke wake mpya anauza maua ya plastiki sebuleni kwao, na sebule ilishajaa mpaka wageni wanakaa jikoni. Kilichokuwa kinamkosesha Flashi raha ni ule upande wenye dirisha.

Basi ile picha ya ukumbini ikapauka mpaka ikawa rangi ya chai, na Madam akapita kwenye kikao chetu kutangaza kwamba anataka mpya. Alitaka lili moja jeupe, lipigwe kwa karibu. "Karibu mpaka mtu anayesubiri ahisi analishika," alisema.

"Nitakuletea, kama kawaida," Flashi akajibu. "Ua nitachukua hapo kwa huyu."

Hilo "huyu" ndilo lililomwinua mama mkubwa kwenye kiti na kumtoa yale maneno ya nyuki na sufuria. Flashi akawasha tabasamu.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia!" akasema fundi cherehani, mtu ambaye akiona moto huuliza petroli iko wapi.

"Mwenye nyumba?"

"Mimi kodi yangu ikifika, hata mkimpangisha paka."

Madam akacheka, akasema sawa, mwisho wa mwezi ataweka picha mbili mezani na atachagua moja. Na hivyo ndivyo nusu chumba cha mama mkubwa, pamoja na dirisha lake, kilivyowekwa rehani na ulimi wake mwenyewe.

Kamera aliinunua kwa fundi simu siku ileile, kabla hasira haijapoa. Kilikuwa kile kidude cha mfukoni ambacho watu walikuwa wanakwenda nacho kwenye sherehe kabla simu hazijaota macho. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kona, mlango wa betri umekazwa kwa mpira, na lenzi ikitoka ilikuwa inalia kama mzee anayeinuka kwenye kochi lililobonyea. Bei ilikuwa ya sufuria kweli, tena sufuria bila mfuniko.

"Nasikia umenunua kamera," sauti ikapenya. "Inatumia betri za rimoti?"

"Ndiyo. Zikiisha nazima televisheni. Yako ikiharibika utauza figo ya nani?"

Picha za kwanza zilikuwa balaa. Aliweka waridi mezani, akasimama mbali kwa heshima, akalivuta kwa kile kitufe cha kuvutia mpaka likajaa kwenye kioo, akabonyeza. Ukatoka ukungu mwekundu. Akarudia, ukungu tena. Katika iliyofuata waridi lilikuwa ukungu uleule, lakini ndoo iliyokuwa nyuma yake ilitoka safi kabisa, mpaka maandishi ya kampuni ya rangi yanasomeka. Msusi hakuweza kukaa na habari kama hiyo peke yake.

"Hongera," Flashi akasema kupitia plaiwudi. "Ndoo imetoka vizuri. Itafutie mchumba."

Fundi simu ndiye aliyekuja kuokoa jahazi, si kwa wema, ila alishachoka kuulizwa kwa nini amemuuzia mama wa watu mzoga.

"Mama, usivute. Ukivuta, haioni ya karibu. Acha lenzi ndani. Bonyeza hiki kilichochorwa kiua. Halafu sogea mwenyewe."

"Nisogee mpaka wapi?"

"Mpaka uone aibu."

Akasogea. Akasogea mpaka kati ya kioo na ua vikabaki vidole vitatu, akazuia pumzi, akabonyeza. Kile kidude kikaona. Kikaona mikunjo ya petali, na vinyweleo vya kijani kwenye shingo ya ua ambavyo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuvitafuta, na sisimizi mmoja amesimama ukingoni, miguu yake yote inahesabika, amegeuza kichwa kama aliyeitwa jina. Mama mkubwa amekata, amefunga na kuuza mawaridi tangu mimi sijazaliwa. Aliisogeza kamera mpaka puani.

"Kumbe humu mna watu," akasema.

Tangu hapo hakushikika. Aligundua kwamba ukisogea karibu kiasi kile, kamera yenyewe inaliwekea ua kivuli, kwa hiyo akaligeuza ubavu kuelekea dirishani ili mwanga uingie kwa pembeni. Upande wa pili ukabaki giza, akausimamishia sahani nyeupe ya wali, na sahani ikarudisha mwanga kama kioo. Mkono wake ulikuwa unatingisha picha kila akibonyeza, akailaza kamera juu ya mfuko wa mchele na kuitega ijipige yenyewe: tii, tii, tii, tik. Nyuma ya ua alitaka weusi mtupu. Akazunguka duka zima akitafuta kitambaa cheusi, mwishowe akakumbuka koti. Lilikuwa koti la harusi la Flashi, ambalo wakati wa kugawana vitu lilijificha chini ya magunia ya moss, ile mimea laini ya kujazia vikapu vya maua, na hakuna aliyelidai. Akalipigilia msumari ukutani, mgongo ukitazama mbele.

"Hatimaye limepata kazi ya heshima," alisema.

Shida ilikuwa ile milio. Plaiwudi inapitisha milio. Flashi alichukua siku moja kuelewa maana yake, na siku iliyofuata, tii, tii, na kabla ya ile ya mwisho, paa! Kiganja kwenye plaiwudi. Meza ikaruka, ua likapepesuka, picha ikatoka kama imepigwa kwenye tetemeko la ardhi.

"Samahani," akasema. "Mbu."

"Mbu gani wa mchana kweupe?"

"Na wao wamehama kwako, wanatafuta pa kukaa."

Mara ya pili, mbu. Mara ya tatu, mbu. Mtu mwingine angekwenda kugonga mlango wake. Mama mkubwa alikaa chini akamsikiliza. Akagundua kwamba Flashi akiwa na mteja wa pasipoti, huimba wimbo uleule: "Kidevu juu. Juu kidogo. Usicheke. Usikunje uso." Wakati huo mikono yake miwili iko kwenye lile bomba la kamera yake. Basi mama mkubwa akawa anategea "kidevu juu" kama mkimbiaji anavyotegea filimbi, na picha zake zote nzuri zilipigwa wakati ng'ambo ya plaiwudi kuna mtu anakatazwa kucheka. Wateja wakiadimika, alikuwa anamtuma fundi cherehani akapigwe. Yule bwana ana picha za pasipoti za kutosha kuhama dunia, na hana safari.

Sasa nieleze kuhusu malili, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Lili likifumbuka, katikati yake husimama vijiti vyenye vichwa vya unga wa manjano iliyokolea. Dukani tunaviita masharubu. Ule unga ukigusa nguo nyeupe hautoki, hata ufue kwa machozi. Miaka mingi nyuma, mama mkubwa akiwa mgeni kwenye biashara, bibi harusi wake mmoja alifika ukumbini kifua chote kama amemwagiwa mchuzi, na mama mkwe akasimama akatangaza kwamba hiyo ni dalili. Tangu siku hiyo mama mkubwa hunyoa. Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, anapita kwenye ndoo, na kila lili lililofumbuka usiku analiingiza vidole viwili, anang'oa masharubu, anajipangusa kwenye aproni. Vidole vyake vina rangi ya mvutaji sigara sugu na hajawahi kuvuta hata moja. Hafikirii anapofanya hivyo, kama wewe usivyofikiri unapopangusa kiti kabla ya kukaa.

Kwa hiyo lili alilolichagua kwa ajili ya Madam lilinyolewa asubuhi pamoja na wenzake. Likapangwa mbele ya koti, likamulikwa na dirisha na sahani, likanyunyiziwa maji, "kidevu juu" ikaitwa, tik. Na hakuna aliyeona kasoro, si yeye wala mimi wala fundi simu. Sisi wa pale tumeona malili ya kujaza ukumbi, na yote yamenyolewa. Kwetu lili ndivyo lilivyo.

Akaenda kuisafisha mtaa wa pili, kwenye duka la kuprinti, maana ndani ya jengo letu mwenye mashine ni Flashi. Ilivyotoka, jamani, niwe mkweli japo si kawaida yangu kumsifia mtu: ilitisha. Ua lilikuwa limechomoza kutoka kwenye giza kama mtu aliyewasha taa chumbani kwako. Ungeweza kufuata mshipa mmoja wa petali kwa kidole kuanzia ncha mpaka shingoni. Tone moja la maji lilikuwa limesimama ukingoni, na ndani yake, kichwa chini, lilionekana dirisha la duka.

"Hii kamera nilikuuzia rahisi mno," fundi simu akasema.

Mama mkubwa akaanza kutembea nayo kwenye korido. Alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwa msusi, halafu kwa fundi cherehani, halafu tena kwa msusi, na njia zote zinapita mlangoni kwa Flashi. Mwishowe Flashi akatoka. Akaiangalia picha kwa makini, akaishika hata kwenye kona. Kisha akawasha tabasamu, akazima, akarudi ndani.

"Nimemmaliza," mama mkubwa akasema kwa sauti ya kupita plaiwudi mbili.

Mwisho wa mwezi tukavuka barabara kwenda ukumbini. Tulikwenda wengi kuliko tuliohitajika, hata yule bwana wa suruali alikuwepo. Madam akasogeza simu na kalenda, akaziweka picha mbili mezani, na miwani ikashuka kutoka kwenye nywele hadi machoni, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Ya Flashi ilikuwa inang'aa kama tangazo la sabuni. Nyuma buluu laini, mbele lili limemulikwa na taa zake zote mpaka petali zimekuwa chokaa, mishipa imepotea. Ila katikati masharubu yalisimama yote, manjano tele, na chembe chache za unga zimedondoka kwenye weupe.

Madam hata hakuigusa. Alinyanyua ya mama mkubwa.

"Hii umepiga na kamera gani?"

"Ya mfukoni."

"Usinitanie, mama."

"Betri za rimoti. Muulize huyo, yeye ndiye mtaalamu wa kuzicheka."

Madam akaita wasichana wawili wa ofisini, "Njooni mwone huku," nao wakaja wakaona, wakasema maneno ambayo mama mkubwa aliyapokea kwa kidevu kilicho juu kabisa. Alikuwa ameshamgeukia Flashi. "Ile namba yako ya pale ukutani, uje na spiriti, uifute mwenyewe."

Flashi alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani, anasubiri. Kusubiri kwenyewe ndiko kulikonitia wasiwasi.

Madam akainama zaidi. "Lakini hapa katikati pana nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Naona vijiti vimekatwakatwa. Kama mdomo usio na meno."

Mama mkubwa akainama naye. "Aa, hapo. Ni masharubu hayo, tunayang'oa. Yanachafua nguo."

"Nguo gani?"

"Za harusi."

"Mama, hii inakaa ukutani," Madam akasema polepole. "Itamchafua nani?"

Kidole gumba cha mama mkubwa kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, palepale penye ile rangi.

"Nitaleta nyingine kesho," akasema.

"Kesho ni mwezi mwingine," Flashi akasema, kwa upole kabisa.

"Bwana, hii picha yake ni nzuri kuliko yako, nakwambia wazi," Madam akamkata. Kisha akamgeukia mama mkubwa. "Ningeichukua, nisikufiche. Lakini nikiikuza iwe kubwa kama mlango, kila atakayekaa hapo ataangalia hapa tu, na ataniuliza ua lako limefanywa nini. Naulizwa mengi hapa tayari. Naweka hii yenye vitu vyake."

Akaigeuza ya mama mkubwa kifudifudi. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa anatafuta nafasi ya kurudisha simu.

Mama mkubwa alikuwa anaitazama picha iliyoshinda. Aliitazama kama anavyotazama shada lililorudishwa na mteja.

"Hilo lili umelitoa wapi?"

"Unalijua," Flashi akasema.

"Hiyo petali ya chini ina mkunjo. Lilikuwa kwenye ndoo yangu ya mlangoni, Jumanne. Lilikuwa halijafumbuka."

"Ndiyo. Nilimtuma msusi akalinunue. Likafumbukia kwangu, chini ya taa."

"Ulijua."

"Nimelala nyumba moja na wewe miaka. Ulikuwa unanyoa malili kabla hujanisalimia. Siku uliyosema utapiga picha, nilijua utapiga ya kipara."

"Na ulipoiona pale kwenye korido ukanyamaza."

"Ningesema, ungenisikiliza?" Halafu akaigeuza tena ile picha ya mama mkubwa, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akagusa kona moja kwenye weusi. "Hiki si kifungo cha nyuma, kile cha kwenye mpasuo wa mgongoni? Hilo koti langu! Nimelitafuta nyumba nzima."

Tuliporudi, korido iligeuka bunge. Msusi alikuwa analia. "Aliniambia ni la mke wake, mama, haki ya Mungu."

"Mke wake ana ya kudumu, anaosha kwa sabuni. La kweli la nini? Hukujiuliza?"

Fundi simu akasema yalikuwa maneno ya kikao tu, na kikao chenyewe cha choo. Mwenye nyumba akasema kwa upande wake hajapokea taarifa yoyote, na mpangaji ambaye kodi yake haijawahi kuchelewa hawezi kumfukuza kwa sababu ya masharubu. Mama yangu akaja mbio kutoka nyumbani, bado ana unga mikononi, akamshika dada yake bega: "Dada, ulikuwa na hasira. Mtu akiwa na hasira si husema lolote? Kaa kwenye chumba chako." Na nilimwona mama mkubwa anaanza kulegea. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, dirisha nyuma yake, na kwa kweli nilidhani yameisha.

Ndipo Flashi akatokea mlangoni.

"Mimi si mnyama," akasema, na akahakikisha korido nzima inasikia. "Aniombe tu. Hapahapa, mbele ya waliomsikia siku ile. Aseme, 'Nakuomba.' Nitamwachia kona ya dirishani."

"Nikuombe?"

"Neno moja tu. Lina ugumu gani?"

Mama mkubwa akainuka. Akaenda ukutani, akalichomoa koti kwenye msumari, akalikung'uta. Asubuhi ile alikuwa amenyoa malili kama kawaida, vidole bado vibichi. Akajipangusa kwenye kola, kidole kimoja baada ya kingine bila haraka, kisha akamtupia Flashi.

"Koti lako hilo. Fundi, niletee nyundo."

"Dada!" mama yangu akapiga kelele.

"Nilisema mbele ya watu. Nikikaa hapa kwa kumwomba huyu, kila akikohoa nitakuwa nashukuru."

Hakumruhusu mtu kumsaidia. Misumari ilikuwa imeshika kutu na kila mmoja ulilia kivyake. Plaiwudi ilipolala chini, mwanga wa dirisha ukaingia upande wa studio, ambako haukuwahi kufika tangu seremala aondoke, na tukaona vyote: pazia la kupigia picha lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa, kiti cha pasipoti kimefungwa mguu kwa waya, na maboksi ya maua ya plastiki yamepangwa mpaka darini, yameegemea pale ilipokuwa plaiwudi. Maboksi yalikuwa na vumbi. Hayakuwa ya jana.

"Ulishahamia kabla sijatoka," mama mkubwa akasema.

"Nilikuwa na imani na wewe," Flashi akajibu. Alikuwa ameshika koti mbali na mwili, anaangalia kola, na hapakuwa na tabasamu la kuwasha.

Kufikia kesho yake mama mkubwa alikuwa amepata kibanda kwenye njia ya kwenda hospitali, kisicho na dirisha kwa sababu mbele hakina ukuta. Kamera ilikuwa mfukoni mwa aproni na hakuitoa. Tulizipanga ndoo kwenye korido, malili mbele, mawaridi nyuma, na watu wote waliokuwa na maoni ghafla wakawa na kazi vyumbani mwao.

Mtu wa mkokoteni akasimama mlangoni, akazipima ndoo kwa macho.

"Zikiwa tupu, elfu nne. Zikiwa na maji, elfu sita."

"Mwaga maji, dada," mama yangu akasema. "Kule si kuna bomba?"

"Na jua lote hilo njiani? Yatafika yamelala," mama mkubwa akasema, na akaanza kunyanyua ndoo ya kwanza mwenyewe.

Kwenye daftari la duka nikaandika: mkokoteni, ndoo zikiwa na maji, elfu sita.